Kutibu kansa changa ya shingo ya kizazi bila kuondoa kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa mwanamke wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi au Kasumbalesa aliyeambiwa ana kansa ya shingo ya kizazi (wengi husema tu «kansa ya col») na bado anataka kuzaa. Kwa kawaida ameshasikia maneno mawili yanayopingana: huyu anamwambia kizazi kitolewe wiki hii hii, yule anamwambia asikubali kuguswa. Wote wawili huenda wamesema mapema mno. Kinachoamua ni milimita zilizopimwa kwenye nyama iliyokatwa, na kabla karatasi ya vipimo hivyo haijafika hakuna wa kuahidi wala wa kukataza.

Inawezekana kweli kutibu kansa na kubaki na kizazi?

Ndiyo, kama kansa ni changa. Mimba haikai kwenye shingo; inakaa juu yake, kwenye mji wa mimba. Kansa ikiwa bado imejifunga shingoni, daktari anaweza kukata kipande cha shingo, au shingo yote, na kuacha mji wa mimba, mirija na vifuko vya mayai mahali pake. Operesheni ya kuondoa shingo peke yake si jambo la majaribio la jana: Daniel Dargent aliianza Lyon, Ufaransa, mwaka 1987, na tangu hapo watoto wengi wamezaliwa na mama waliopitia njia hiyo.

Walinipima kwa siki wakasema nina «lésion». Hiyo ni kansa?

Mara nyingi siyo. Siki (kipimo cha IVA) hugeuza rangi ya sehemu yenye mabadiliko ikawa nyeupe. Haisemi ni kansa. Mabadiliko yanayotangulia kansa huandikwa CIN 1, 2 au 3. CIN 2 na 3 hutibiwa kwa kuchoma kwa joto, kugandisha, au kukata kwa waya wa umeme, na mwanamke anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna sababu ya kutoa kizazi cha mwanamke anayetaka kuzaa kwa ajili ya CIN.

Hatari iko upande wa pili. Shingo yenye kidonda, uvimbe, au inayotoa damu ikiguswa isichomwe kabla ya biopsi (kukata kipande kidogo cha nyama kipimwe maabara). Joto likishapita, nyama imeharibika, na hakuna atakayejua kansa ilikuwa na kina gani. Mwanamke anaambiwa ametibiwa, anarudi baada ya mwaka akiwa na uvimbe ambao hauwezi tena kuokolewa kwa njia ndogo.

Ni hatua zipi zinazoruhusu kuacha kizazi?

Madaktari hutumia mpangilio wa mwaka 2018 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake. Hatua I maana yake kansa haijatoka shingoni, na ndani yake kuna vipande:

IA1: kansa inaonekana kwa darubini tu na haijaingia ndani zaidi ya milimita 3. Kama haijaonekana ndani ya mishipa midogo ya damu na limfu, konizasio (kukata kipande cha shingo chenye umbo la koni) peke yake inatosha. Uwezekano wa kansa kufika kwenye tezi za limfu hapa ni chini ya 1 kati ya 100.

IA1 yenye kansa ndani ya mishipa, na IA2 (kina cha zaidi ya milimita 3 hadi 5): konizasio pamoja na kuchunguza tezi za limfu za nyonga, au kuondoa shingo pamoja na tezi hizo.

IB1: kina ni zaidi ya milimita 5, lakini uvimbe haujapita sentimita 2. Njia iliyozoeleka ni kuondoa shingo yote na nyama za pembeni zinazoishikilia, pamoja na tezi. Kwa wachache wenye hatari ndogo kabisa (hakuna kansa kwenye mishipa, kina hakizidi milimita 10, kingo za konizasio ni safi, yaani hazina kansa), utafiti uliotolewa mwaka 2021 kwa jina la ConCerv uliunga mkono konizasio na kuchunguza tezi bila kukata nyama za pembeni.

Uvimbe wa sentimita 2 hadi 4 ndipo ubishi unapoanza. Kuna vituo vinavyotoa kwanza kemoterapi ili uvimbe upungue, kisha vinakata shingo. Bado ni jambo la utafiti, na kansa hurudi mara nyingi zaidi kuliko kwenye uvimbe mdogo. Anayekuuzia njia hiyo kama kitu cha kawaida hakuambii yote. Zaidi ya sentimita 4, au kansa ikishafika kwenye tezi au nyama za pembeni, matibabu ni mionzi na kemoterapi, na kizazi hakitabeba mimba tena.

Kuna aina za kansa ambazo hazikubali njia hii hata zikiwa ndogo?

Ndiyo. Aina iitwayo «neuroendocrine à petites cellules» husambaa mapema kwa njia ya damu. Adenokasinoma ya aina ya tumbo («type gastrique») nayo ni kali na mipaka yake haionekani vizuri. Kwa hizo mbili, kubakiza kizazi si kamari ya kucheza. Kansa ya kawaida ya ngozi ya shingo («carcinome épidermoïde») na adenokasinoma ya kawaida zinafaa.

Karatasi ya anapati (maabara inayosoma nyama kwa darubini) inatakiwa iseme nini?

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo soma karatasi yako mwenyewe, au mpe mtu anayejua Kifaransa akusomee. Maneno «carcinome invasif du col» peke yake hayatoshi kupanga matibabu. Tafuta vitu hivi: aina ya kansa, kina cha kuingia («profondeur d'invasion») kwa milimita, upana, kama kuna kansa ndani ya mishipa («emboles lymphovasculaires», wameandika «présents» au «absents»), na kama ilikuwa konizasio, hali ya kingo: «marges saines» au «marges atteintes», pamoja na umbali kati ya kansa na ukingo. Umbali unaopendelewa ni angalau milimita 3.

Kikikosekana kimoja, mwombe daktari aandikie maabara tena. Hilo si kumdharau. Mara nyingi kipande cha nyama bado kipo kwenye kibloko cha nta, na jibu linaweza kupatikana bila kukukata upya.

Omba pia vibloko na vioo vya darubini («blocs» na «lames») vihifadhiwe kwa jina lako. Ukitaka daktari wa pili wa anapati asome, awe Kinshasa au Lusaka, hivyo ndivyo vitakavyosafiri. Kusoma mara ya pili kunastahili gharama, kwa sababu tofauti ya milimita 2 na milimita 4 hubadilisha operesheni nzima.

Biopsi yangu ilionyesha kansa. Kwa nini wanataka tena konizasio?

Biopsi ni kipande kama punje ya mchele. Inathibitisha kwamba kansa ipo; haisemi imeingia mpaka wapi. Kama uvimbe hauonekani kwa macho, konizasio ndicho kipimo, na kwa bahati nzuri huweza kuwa tiba papo hapo. Kama uvimbe unaonekana wazi, biopsi inatosha kuthibitisha, na ukubwa unapimwa kwa mkono wa daktari na kwa IRM (picha ya mashine ya sumaku).

Konizasio inafanywaje, na nini huharibika?

Unapewa dawa ya kukulaza au sindano ya mgongoni. Daktari anapaka siki au ayodini ili aone mipaka, kisha anakata nyama yenye umbo la koni kuzunguka tundu la shingo. Anaweza kutumia kisu au waya wa umeme. Kinachotakiwa ni kipande kimoja kizima, chenye kina cha kutosha. Kosa la mara kwa mara ni kukata kwa waya mdogo vipande vitatu vinne: maabara haiwezi kujua kipi kilikuwa juu na kipi chini, na kingo zilizoungua hazisomeki. Ndiyo maana wengi hupendelea kisu pale kansa inaposhukiwa.

Baada ya kukata, uzi unafungwa kwenye kipande mahali pa saa 12 ili maabara ijue mwelekeo wake. Kipande kinaingia mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, na formalini iwe kama mara kumi ya ujazo wa nyama, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Kikae humo saa 6 hadi 72 kabla ya kutengenezwa. Nyama iliyobebwa kwenye maji ya chumvi huoza, iliyoachwa kwenye kompresi hukauka, iliyosokomezwa kwenye kichupa chembamba hugeuka umbo. Kwetu familia hupewa chombo ipeleke yenyewe maabara. Kama ni wewe, hakikisha kina jina lako, tarehe na neno «conisation», kifuniko hakivuji, na usikiache kwenye gari juani wala usiku kucha nyumbani.

Kingo zikiwa hazikuwa safi?

Konizasio ya pili, kwa kawaida baada ya wiki 6 hivi shingo ikishapona, au kuondoa shingo. Usikubali kutolewa kizazi kwa haraka katika hali hiyo, hata kama huna haja tena ya mtoto: kukiwa na kansa yenye kina zaidi kuliko ilivyodhaniwa, operesheni ya kawaida ya kutoa kizazi huacha kansa nyuma, na kinachofuata ni mionzi ambayo ingeweza kuepukwa.

IRM ni ya lazima? Ekografi haitoshi?

Kwa IA1 iliyothibitishwa kwa konizasio yenye kingo safi, IRM si lazima. Kwa uvimbe unaoonekana, IRM ya nyonga ndiyo inayopima ukubwa na umbali wa kansa hadi tundu la ndani la shingo. Pabaki angalau sentimita 1 hivi ili shingo iweze kukatwa kwa usalama. Skana (CT) haioni mipaka ya uvimbe mdogo wa shingo, ingawa inasaidia kutazama tezi na mapafu. Ekografi ya ukeni mikononi mwa mtaalamu wa kansa ni nzuri sana. Ekografi ya tumboni ya kawaida haifai kwa uamuzi huu. IRM isifanywe mara tu baada ya biopsi au konizasio. Ngoja siku kama 10, la sivyo uvimbe wa kidonda utasomwa kama kansa.

Operesheni ya kuondoa shingo ikoje?

Inaitwa trakelektomi, kwenye karatasi ni «trachélectomie élargie». Kwanza zinatolewa tezi za limfu za nyonga. Zikiwa na kansa, operesheni inasimama hapo, kizazi kinaachwa bila kuguswa, na mgonjwa anapelekwa kwenye mionzi na kemoterapi. Zikiwa safi, daktari anakata shingo, sentimita 1 hadi 2 za sehemu ya juu ya uke, na nyama za pembeni, kisha anaunganisha kizazi na uke. Anazungushia uzi mnene usioyeyuka (serklaji) mahali shingo ilipokuwa, ili kizazi kiweze kushikilia mimba.

Uliza swali hili moja kabla ya kukubali: je, hospitali ina anapati ya papo hapo, inayosoma tezi na ukingo wa juu ukiwa bado mezani? Kama haina, njia ya uaminifu ni operesheni mbili: tezi kwanza, kusubiri jibu, kisha shingo. Inachosha na inagharimu, lakini ni bora kuliko kukata shingo ya mtu ambaye tezi zake tayari zina kansa.

Swali lingine ni daktari amefanya ngapi. Daktari wa wanawake anayetoa kizazi kila wiki si lazima awe anajua trakelektomi. Mrija wa mkojo unapita kwenye nyama zile zile zinazokatwa, na kuuchana ni ajali inayojulikana. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Lubumbashi inapatikana? Au niende wapi?

Konizasio ni operesheni ambayo daktari wa wanawake mwenye vifaa anaweza kuifanya. Anza kwenye hospitali kubwa, kwa mfano Sendwe au Cliniques universitaires, na uliza waziwazi nani anafanya konizasio kwa kisu na anapati inasomwa wapi. Kwa trakelektomi na kwa mionzi, jiandae kusikia Kinshasa au nje ya nchi. Lusaka iko karibu zaidi kwa barabara kupitia Kasumbalesa, na Cancer Diseases Hospital iko huko. Kabla ya kupanda gari, piga simu kwanza: mashine ya mionzi ikiharibika, hospitali yoyote ya ukanda huu inaweza kukurudisha ulikotoka.

Zambia wanafanya kazi kwa Kiingereza. Tafsirisha mapema barua ya rufaa na karatasi ya anapati, beba picha za IRM kwenye CD na si ripoti tupu, na beba vibloko. Kama wewe au bwana yako anafanya kazi kwenye kampuni ya mgodi, omba «prise en charge» (barua ya kampuni kukubali kulipa) iandikwe kabla ya safari. Kurudishiwa pesa baadaye ni vita ndefu.

Nina muda gani wa kufanya haya yote?

Kansa hii haikimbii kwa siku. Wiki chache za kukamilisha vipimo hazikupotezei nafasi, na ni bora kuliko kukimbilia operesheni isiyofaa. Miezi sita ya kuzunguka ndiyo hatari. Chagua tarehe na daktari, na kama jibu la anapati halijatoka baada ya wiki tatu, fuatilia mwenyewe.

Katika kungoja huko, usiingize kitu ukeni: alun, majani, limau, tumbaku, dawa za kubana. Vinachoma shingo, vinaleta maambukizi, na vinachanganya kila kipimo kitakachofuata. Maombi hayazuii konizasio, wala konizasio haizuii maombi.

Nina virusi vya ukimwi. Nimekwisha kukosa nafasi?

Hapana. Virusi vya ukimwi huongeza hatari ya kansa hii karibu mara sita, na mabadiliko ya CIN hurudi zaidi baada ya matibabu, kwa hiyo ufuatiliaji utakuwa wa karibu. Endelea na dawa zako bila kukatiza, na mwambie daktari dawa gani unakunywa.

Niko na mimba na nimeambiwa nina kansa.

Hatua ndogo kabisa mara nyingi inaweza kungoja mpaka ujifungue, chini ya uangalizi. Uvimbe unaoonekana ni suala jingine, na linategemea mimba ina wiki ngapi. Konizasio ndani ya mimba hutoa damu nyingi, isifanywe kwa mazoea. Nenda kwenye kituo kikubwa wiki hiyo hiyo.

Baada ya konizasio, kipi ni cha kawaida na kipi cha kukimbilia hospitali?

Maji yenye damu damu au rangi ya kahawia kwa wiki 2 hadi 4 ni ya kawaida. Hakuna tendo la ndoa wala kuingiza chochote ukeni kwa wiki 4 hadi 6, na bwana aambiwe na daktari mwenyewe kama ni lazima. Kati ya siku ya 7 na ya 14 kigaga huanguka na damu inaweza kutoka ghafla. Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa, au harufu mbaya na maumivu ya chini ya tumbo, nenda usiku huo huo.

Baada ya trakelektomi, mpira wa mkojo hubaki siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, kwa sababu neva za kibofu zimeguswa. Miguu inaweza kuvimba baadaye kwa kuwa tezi zimetolewa. Miezi kadhaa mbele, maumivu ya hedhi kila mwezi bila damu kutoka yanaonyesha tundu limejifunga na damu imekwama ndani. Linapanuliwa, ila usilingoje.

Nitapata mimba lini, na itakuwaje?

Wengi hushauri kungoja miezi 6 hadi 12. Baada ya konizasio, wengi hupata mimba kawaida. Kadiri koni ilivyokuwa na kina, hasa zaidi ya milimita 10, ndivyo hatari ya kuzaa kabla ya wakati inavyopanda. Shingo ipimwe urefu kwa ekografi ya ukeni kati ya wiki ya 16 na 24. Ikiwa chini ya milimita 25, daktari atazungumza nawe kuhusu dawa ya projesteroni au serklaji. Kuzaa kwa njia ya kawaida kunawezekana.

Baada ya trakelektomi hesabu ni ngumu zaidi. Si kila anayejaribu anapata. Wengine huhitaji msaada wa kitaalamu kwa sababu shingo iliyokuwa ikipitisha mbegu haipo. Wanaopata mimba, karibu theluthi moja huzaa kabla ya wiki 37, na kutoka kwa mimba ya miezi minne au mitano ni hatari ya kweli. Kuzaa ni kwa sezarieni peke yake, iliyopangwa, kabla uchungu haujaanza. Uchungu ukianza huku serklaji imefunga, kizazi kinaweza kuchanika. Kwa hiyo usihamie kijijini miezi ya mwisho, na familia nzima ijue jambo hili, mama mkwe akiwemo.

Mimba ikiharibika mapema, mhudumu aambiwe kuna serklaji kabla hajaingiza chombo chochote.

Mama mkwe anasema shingo ikikatwa mimi si mwanamke tena, na bwana ataipata kansa.

Kansa haiambukizwi. Virusi vya HPV, vinavyosababisha kansa hii, ndivyo vinavyopita kati ya watu, na wengi wetu tumewahi kuvipata bila kujua. Haviwezi kutumika kama ushahidi kwamba mmoja alitoka nje ya ndoa, kwani vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Vifuko vya mayai havikuguswa, hivyo hedhi na hamu vinabaki. Mlete bwana kliniki asikie kwa daktari.

Ufuatiliaji ni wa muda gani?

Kila miezi 3 hadi 4 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa tano: daktari anatazama, anapima kwa mkono, na anachukua froti (chembe zinazokwanguliwa zipimwe kwa darubini) pamoja na kipimo cha HPV kinapopatikana. Kwa waliochaguliwa vizuri wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, kansa hurudi kwa wachache, kama 3 hadi 5 kati ya 100. Baadhi ya hao hugunduliwa kwa damu baada ya tendo la ndoa au maji yenye harufu, kwa hiyo ukiona hayo usingoje rendez-vous.

Nikishazaa, kizazi kitolewe?

Si lazima. Kama HPV haipo na froti ni safi, unaweza kukaa nacho ukiendelea kupimwa. Kama HPV inabaki mwaka hadi mwaka, au tundu limejifunga kiasi kwamba froti haichukuliki tena, kukitoa ni uamuzi wenye akili, na hapo daktari aliyekata shingo, au mwenye ripoti yake ya operesheni mkononi, ndiye afanye.